Mlio wa Ziada

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa ubishi, na sioni haya kusema. Ujana wangu wote niliumalizia katika kiwanda cha nguo hapa Thika, kwenye mashine za kufumia. Mle ndani mashine zilinguruma hivi kwamba ukitaka mwenzako akusikie lazima upaze sauti, na mtu akishazoea kupaza sauti haachi hata akistaafu. Msikitini wananijua, na sokoni wananijua. Marehemu mke wangu, Bi Rukia, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba Athumani akikosa mtu wa kubishana naye hubishana na redio. Hakunisingizia. Habari zikisomwa, mimi najibu.

Nalitanguliza hili la ubishi kwa sababu lina kazi yake mbele.

Rukia alipofariki nilibaki peke yangu katika nyumba yetu ya Makongeni. Ni nyumba ndogo, ina uani wa saruji na mistari michache ya sukuma wiki kando ya ukuta. Mungu alitujalia mtoto mmoja, Saumu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi kule Ruiru, na mumewe Hassani ni fundi wa umeme. Arobaini ilipokwisha tu, Saumu akaanza wimbo wake: Baba, njoo ukae nasi. Nikakataa. Nikae kwa mkwe? Nikohoe usiku mkwe anasikia, niingie chooni mkwe ananisubiri mlangoni? Kwetu mtu na mkwewe wanaheshimiana, na heshima inataka nafasi. Nikamwambia, "Nyumba yangu ina paa, mimi nina miguu. Ukinitaka, unajua njia."

Ndipo wakaleta habari ya simu. Hassani aliomba laini, tukangoja mpaka nikasahau kama tuliomba. Siku moja watu wa simu wakaja na ngazi yao, wakavuta waya kutoka kwenye nguzo ya barabarani mpaka dirishani kwangu. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha kwa kidole. Niliifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma Rukia kwa ajili ya redio. Kisha nikaitia kufuli ndogo kwenye tundu za namba, maana mtaa mzima ulikuwa umeshaona waya, na majirani walianza kukumbuka kwamba wana jamaa Mombasa.

Saumu akanieleza utaratibu. Kila asubuhi, kabla hajatoka kwenda shule, nimpigie. Nikisikia inalia kwake mara mbili, nikate. Maana yake: nimeamka, mzima. Yeye naye atapiga kwangu mlio mmoja akate. Maana yake: nimesikia. Hakuna anayeinua, kwa hiyo hakuna anayelipa. Na asiposikia kitu, atapiga mpaka niinue, na nisipoinua atakuja.

"Yaani mnanichunga," nikasema. "Mimi ni mbuzi?"

"Baba, ni salamu tu."

Nilikubali, lakini nikaongeza langu. Akishapiga mlio wake mmoja, mimi nilikuwa nampigia tena mlio mmoja juu yake, ndipo nafunga kufuli. Hili halikuwa katika maagano. Wiki ya kwanza tu alikuja Jumamosi na mikono kiunoni.

"Baba, mlio huo wa mwisho ni wa nini?"

"Ni wa kukukumbusha nani ni baba na nani ni mtoto."

"Haumo kwenye makubaliano."

"Basi usiusikilize."

Alicheka akaenda jikoni kupika. Nami sikuacha hata siku moja. Kufungwa mdomo na mtoto niliyemfunga nepi? Haikuwa katika tabia yangu.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kumjua katika habari hii, naye ni jirani yangu Mama Njeri. Ana ng'ombe nyuma ya nyumba yake na ananiletea maziwa kila asubuhi. Huniita Guka, maana watoto wake wananichukulia babu yao. Saumu alimwachia ufunguo wa akiba wa mlango wangu. Mara nyingi alinikuta nikipiga milio yangu, akaketi kuangalia, akacheka. "Guka, nyinyi mnasalimiana na kengele kama watoto wa shule!" Nilikuwa nampa chai na kumweleza kwamba yeye hajui mambo ya kisasa.

Sasa nije kwenye ugonjwa.

Ulianza na kichwa. Kilikuwa kinauma kisogoni asubuhi, kisha kinaacha nikishakunywa chai. Mara nyingine masikio yalivuma, nikadhani ni zile mashine za kiwandani bado zimo ndani. Presha sikuwahi kupimwa. Chumvi nilikuwa naongeza kabla sijaonja chakula. Nilijiona mzima kabisa kwa sababu nilikuwa na nguvu ya kugombana.

Asubuhi ile niliswali alfajiri nyumbani. Nilipoinuka kwenye mkeka nilivaa ndala zangu nikaenda sebuleni kuwasha redio. Nilipotazama chini nikaona mguu wa kulia hauna ndala. Ilikuwa imebaki nyuma, karibu na mkeka, na mimi sikuhisi ilipotoka. Hilo lilinishangaza kidogo, lakini nikaketi kwenye kiti changu cha mikono, pale pembeni kwa simu, nikatoa kitambaa cha Rukia nikakikunja, nikafungua kufuli. Nikatia kidole kwenye tundu la namba ya kwanza. Kidole hakikuzunguka. Mkono mzima ukateleza ukaanguka mapajani, na ulipoanguka nikauona lakini sikuusikia, kama mkono wa mtu mwingine uliowekwa hapo.

Nilitaka kusema "La ilaha illallah". Iliyotoka ni sauti ya mnyama. Mate yakaanza kunitiririka upande mmoja wa mdomo mpaka kwenye kanzu. Kichwa kikaegemea ukingo wa kiti, upande wa ukutani, na sikuweza kukirudisha. Kisha nikajikojolea. Nalitaja hili kwa sababu wagonjwa wengi hulificha, nao hudhani ni wao peke yao. Mkojo ulikuwa wa moto upande wa kushoto tu. Upande wa kulia sikuhisi chochote. Akili ilikuwa nzima, na niliogopa sana.

Nikasikia mlango. "Hodi, Guka! Maziwa!"

Alhamdulillahi, nikasema moyoni, nimepona. Mama Njeri akaingia kwa ufunguo wake. Kutoka mlangoni yeye aliona bega langu na kofia yangu tu, uso umeelekea ukutani.

"Haiya, Guka amelala," akasema kwa sauti ya chini.

Akapeleka maziwa jikoni. Akarudi kwa vidole vya miguu, akaipunguza redio. Anajua ninavyokuwa mtu akiniamsha. Nilikwisha kumfokea zaidi ya mara moja kwa jambo hilo. Akachukua leso iliyokuwa kwenye kochi akanifunika mabega kwa nyuma, taratibu kabisa. Mimi nilikuwa napiga kelele kwa nguvu zangu zote, na kelele zenyewe hazikufika hata kwenye meno. Alisikia mkoromo, akaona nimelala vizuri.

Kisha akaiona simu imefunuliwa na kufuli iko wazi. Akajisemea, "Wui, na hajapigia Saumu. Huyo atakuja mbio bure aache watoto wa watu shule."

Namba ya Saumu nilikuwa nimeibandika kwenye simu kwa plasta. Mama Njeri akainua mkono wa simu, akazungusha namba zote moja moja, akasikiliza, akakata. Milio miwili. Baada ya muda kidogo simu yangu ikalia mara moja, ikanyamaza. Akatabasamu kwa kazi nzuri aliyoifanya, akatoka, akanifungia mlango kwa nje nisisumbuliwe.

Nimepita mambo mengi maishani. Nimemzika mke. Lakini sijapata uchungu kama ule wa kukaa kwenye kiti nikisikia mtu akinitangazia uzima wangu, na mwanangu akijibu kwamba amesikia. Nililia kwa jicho moja, kwa sababu la pili halikuwa na habari.

Yaliyofuata kule Ruiru nilisimuliwa baadaye na Hassani. Saumu alikuwa tayari, mkoba begani, madaftari ya wanafunzi mkononi. Alisikia milio miwili, akapiga wake mmoja, akasimama pale pale kando ya simu. Hassani akamuuliza anangoja nini.

"Baba hajamalizia."

"Si amepiga mara mbili?"

"Amepiga. Halafu mimi nikapiga. Yeye hajapiga tena."

"Lakini si mlikubaliana milio miwili, basi?"

"Hassani, babangu hajaniachia neno la mwisho tangu nizaliwe."

Akapiga tena, safari hii kwa kuendelea. Mimi niliisikia. Ililia mbele yangu, mkono wangu mzima wa kushoto ungeweza kuifikia kama mwili ungenisaidia kugeuka, ila mwili haukugeuka. Ilipokatika ikaanza tena. Kila ilipoanza nilijua Saumu yuko macho, na hofu ilinipungua. Kisha ikanyamaza, na nikajua wako njiani. Walikuja na pikapu ya kazi ya Hassani, ngazi bado imefungwa juu.

Saumu aliingia kwa ufunguo wake akanizunguka akauona uso wangu. Hakupiga ukemi. Alinishika mashavu mawili kama anavyowashika watoto darasani, akasema, "Baba, nifinye mkono." Sikumfinya. Hassani akanibeba hivyo hivyo na mkojo wangu, nikalowesha shati lake la kazi. Nje Mama Njeri alikuja mbio, mikono kichwani.

"Ni mimi nilipiga! Nilifikiria amelala tu! Ngai, Saumu, ni mimi nilipiga!"

Saumu akamwambia apande nyuma ashike miguu yangu.

Hospitalini daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alinipima presha akatikisa kichwa akapima tena. Akamwambia Saumu, "Mzee amepata kiharusi. Upande wa kulia umelala, na maneno yamepotea. Lakini mmemleta mapema. Wengi wanaletwa jioni, wameshamaliza kwanza kuzunguka kwa waganga."

"Atapona?"

"Atapona kiasi. Kiasi gani, itategemea yeye mwenyewe. Ni mtu wa namna gani?"

"Mbishi," Saumu akasema.

"Hiyo itatusaidia."

Nililala pale kwa majuma. Nitasema yote kwa ufupi. Nilitiwa mpira wa mkojo, na ulipotolewa uliniunguza. Choo kiligoma mpaka muuguzi akanitoa kwa kidole. Chai iliingia njia ya pumzi, nikakohoa mpaka nikawa mweusi, na tangu hapo nikawa nalishwa uji mzito kwa kijiko. Kidonda cha kulalia kilinitoka kiunoni. Na maneno! Nilitaka maji, ulimi ukasema "mlango". Muuguzi akafunga mlango. Nikataka kumfokea, ikatoka "mlango" tena. Kwa mtu aliyekuwa akibishana na redio, hilo lilinikata maini.

Mama Njeri alikuja kila siku ya kuona wagonjwa na chupa ya uji. Hakuketi. Aliweka chupa, akasimama miguuni mwa kitanda akiwa ameinamisha kichwa, akaenda. Kwa kweli nilimkasirikia, na sikuweza kumwambia. Siku moja nilipomwona anapangusa macho kwa ncha ya leso yake nikakumbuka jinsi alivyonifunika mabega. Mtu aliyenionea huruma hivyo nitamkasirikia mpaka lini? Nikanyoosha mkono wa kushoto nikamshika. Akaketi kitandani akalia vizuri, na mimi nikalia, na uji ukapoa.

Waliponiruhusu hospitalini sikupelekwa Makongeni. Nilipelekwa Ruiru, nyumbani kwa mkwe.

Yote niliyoyaogopa yalinipata, na zaidi. Binti hawezi kumwosha babake, basi kazi hiyo ikamwangukia Hassani. Mkwe wangu, niliyekuwa sikai naye kochi moja, alinivua nguo, akaniosha makalio, akanibadilisha nepi za watu wazima alizozishona Saumu kwa mashuka ya zamani. Siku za kwanza nilifumba macho. Yeye alikuwa akiniosha huku anaongea habari za mpira, nani kafunga, nani kakosa penalti, kana kwamba tumekutana barazani. Hakuwahi kunitazama usoni wakati wa kuosha. Nikajifunza kwamba heshima inaweza kukaa hata ndani ya beseni la maji machafu, na kuna usiku nilimwombea dua Hassani kabla sijajiombea mwenyewe.

Ndugu mmoja wa msikitini alikuja akasema huu ni upepo, jini limenipiga, anajua mtu wa kulitoa. Saumu alimkaribisha chai. "Dua tutasoma, mzee wangu," akamwambia, "na dawa atameza." Vidonge vya presha alinitia mdomoni mwenyewe, na chumvi akaitoa mezani kabisa.

Siku moja baada ya chakula Saumu akaketi mbele yangu. Akasema nyumba ya Makongeni inakaa bure, vumbi limejaa, na kuna mwalimu mwenzake anataka kupanga. Wakimpangisha, mimi nitakaa Ruiru moja kwa moja, chumba kipo, Hassani hana neno.

"Unaonaje, Baba?"

Naonaje! Nilikuwa na mambo ya kusema ya saa nzima. Kuhusu uani wangu, na kiti changu, na ukuta alioupaka rangi mama yake kwa mkono wake. Mdomo ukafunguka, ukaenda upande, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile neno sahihi likatoka.

"Hapana."

Saumu aliziba mdomo kwa viganja vyake. Akamwita Hassani kwa kelele. "Amesema! Amesema hapana!" Wakacheka, wakalia. Lakini mimi sikuwa na mchezo. Nikasema tena, "Hapana," nikaweka ngumi ya kushoto sikioni kama mtu ashikaye simu, nikaelekeza dirishani, upande wa Thika.

Akaelewa. Uso ukamtulia.

"Unataka kurudi kwako upige simu kama zamani."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa mkono upi, Baba?"

Nikainua wa kushoto. Akatikisa kichwa. Kule hospitalini kulikuwa na mama aliyewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, naye alikuwa amemwonya kwamba nikiuachia mkono wa kushoto kazi yote, wa kulia utakufa moja kwa moja. "Nisikilize," akasema. "Ukiweza kutembea na mkongojo mpaka chooni peke yako, na ukaweza kunipigia mwenyewe kutoka Makongeni kwa huo mkono wa kulia, nyumba haipangishwi. Ukishindwa, utakaa nami na hutanibishia. Tumekubaliana?"

Nilimpa mkono. Wa kushoto.

Hassani alienda Makongeni akaichomoa ile simu nyeusi akaniletea. Hapo Ruiru wao walikuwa na simu ya kubonyeza, kitu laini, hata mtoto mchanga angeiweza. Yangu ilikuwa na ukaidi kama mwenyewe. Aliiweka mapajani mwangu bila waya wowote, nami nikaanza kupigia watu hewani.

Kiwandani, nyuzi zilizokatika nilikuwa nikizifunga kwa vidole hivi mashine ikiwa inakwenda. Sasa kidole cha shahada kilikuwa kinatetemeka juu ya tundu, hakiingii. Niliuchukua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto nikautia kama mtu anayetia ufunguo. Namba moja ni fupi, ukivuta kidogo inafika. Nilianza nayo. Kidole kiliteleza, simu ikarudi krrr kabla sijafika, na namba isiyofika mwisho ni namba nyingine. Nilianza tena. Namba ya Saumu ilikuwa na sifuri mbili ndani yake, na sifuri ndiyo safari ndefu kuliko zote: unaizungusha duara zima huku springi inakuvuta urudi. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, ngozi ikawa ngumu. Bega liliuma mpaka kwenye meno, na Saumu akasema maumivu ni habari njema, maana mwanzo halikuuma. Nilimtukana kwa maneno niliyokuwa nimeshayapata, machache.

Kutembea kulikuja mbele ya mkono. Mwanzo Hassani alinishika mkanda kwa nyuma. Kisha ukuta, kisha mkongojo. Mguu wa kulia uliburuta na mpaka leo unaburuta. Siku niliyokwenda chooni peke yangu nikafunga mlango kwa ndani, nilikaa humo muda mrefu bila haja yoyote, kwa raha tu. Hassani akabisha, "Baba, uko salama?" Nikamjibu, "Ni-ache."

Msimu wa mvua ukapita. Ikafika asubuhi ya mtihani wangu. Saumu alibaki Ruiru kando ya simu yake. Hassani alinipeleka Makongeni na pikapu, simu nimeipakata. Mama Njeri alikuwa amefagia, amepangusa vumbi, na kitambaa cha Rukia kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Hassani akaunga waya, akasikiliza, akaniwekea simu mezani. Kisha akarudi nyuma akasimama karibu na Mama Njeri.

Niliweka mkono wa simu sikioni kwa kushoto. Kidole cha kulia kikaingia tundu la kwanza. Likazunguka. La pili. Kwenye sifuri ya kwanza jasho lilinitoka. Kwenye ya pili mkono ulitetemeka, springi ikanishinda karibu na mwisho. Simu ikalia mahali pengine.

"Haluu! Duka ya spea!" akasema mzee wa Kihindi kwa sauti kubwa. "Nataka spea gani?"

"Sa-sa-ma-hani."

"Ipi? Ya Isuzu?"

Nikakata. Mama Njeri alikuwa ameuma leso asicheke. Hassani akaniuliza kama nipumzike kidogo. Nikamwambia hapana, neno langu la kwanza na bado ndilo ninalolitamka vizuri kuliko yote.

Nilifuta kidole kwenye kanzu nikaanza upya. Safari hii sikuharakisha. Sifuri ya kwanza niliivuta kwa bega, kwa mgongo, kwa kila kitu. Ya pili niliivuta hivyo hivyo na nilipofika kwenye chuma cha mwisho sikuachia mpaka niliposikia tiki. Kukawa kimya kwenye waya. Kisha ikalia kule Ruiru. Ikalia tena. Nikakata.

Tukangoja wote watatu. Simu yangu ikalia mara moja, ikanyamaza.

Mama Njeri akaanza kupiga vigelegele vya Kikuyu, akivihesabu kimoja kimoja, kama kwao wanavyompigia mtoto akizaliwa. Hassani akanijia na mikono wazi. Nikawazuia kwa mkongojo. Kazi ilikuwa bado.

Nikatia kidole tena kwenye tundu la kwanza. Mkono ulikuwa umechoka kiasi kwamba Hassani aligeuka asitazame. Namba zote, na sifuri zote mbili, kutoka mwanzo. Ikalia. Sikupata nafasi ya kukata, maana aliinua.

Nilisikia tu pumzi yake, na kamasi zikivutwa kama za mtu anayelia. Mwishowe akasema, "Baba, mlio huo haumo kwenye makubaliano."

"Ba-si," nikamjibu, "u-si-u-si-ki-lize."

Nyumba haikupangishwa.

Namshukuru Mungu, kisha namshukuru Saumu, na Hassani aliyeniosha, na mama wa mazoezi, na yule daktari kijana. Mama Njeri namshukuru pia, tena sana. Alikosea kwa huruma, na hakuacha kuniletea uji. Nanyi mnaougua kama nilivyougua, nawaambia hivi: pimeni presha mkiwa bado mna nguvu za kugombana. Mkono uliolala upeni kazi, hata kazi ya kupigia hewa. Msione haya kuoshwa. Na nyinyi vijana mliowawekea wazazi simu nyumbani, msiridhike kwamba imelia. Simu hulia kwa kidole cha yeyote. Mjueni mzee wenu tabia yake, hata ile inayowaudhi, kwa sababu tabia hiyo hakuna jirani awezaye kuiiga kwa niaba yake.

Hayo nayasema asubuhi, kwenye kiti changu, Makongeni. Mama Njeri ameshaleta maziwa. Siku hizi akiingia hagusi simu. Ananifinya sikio kwanza, kwa nguvu, mpaka nimfokee, ndipo anaridhika anaenda jikoni. Milio yangu miwili nimeshaipiga, na kufuli bado iko wazi. Mniwie radhi nikomee hapa, maana Saumu ameshapiga mlio wake mmoja, nami sijamjibu.